Mwalimu Aliyejipa Sifuri

Mwalimu Dativa Rutaihwa anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na minne na miezi sita ya kufundisha Historia ya Kanisa katika Chuo cha Makatekista Nyakibanga, hapa juu ya Kashozi. Sherehe ya kumuaga inafanyika Jumanne, tarehe 22 Julai. Ofisi ilipendekeza Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo wageni wa kutoka Muleba hupata usafiri kirahisi. Mwalimu akajibu kwamba ataagwa siku ya sikukuu ya Maria Magdalena, au ataondoka kimyakimya kwa mlango wa jikoni. Ofisi inamfahamu. Ikabadilisha tarehe.

Alizaliwa Kashozi mwaka 1965, mtoto wa tano wa mzee Rutaihwa, seremala aliyetengeneza mabenchi ya makanisa mengi ya upande huu. Alisomea ualimu, akafundisha shule ya msingi miaka mitatu, kisha akapata kozi ya historia ya Kanisa na kuja Nyakibanga mwezi Februari 1991. Siku alipofika, mlinzi alimwona mwanamke mwenye begi moja na kikapu, akampeleka moja kwa moja jikoni akidhani ndiye mpishi mpya. Mwalimu Dativa hakubisha. Alikula ndizi na maharage pamoja na wapishi, akaosha sahani yake, ndipo akaenda kwenye chumba cha walimu na barua yake ya ajira mkononi. Walimu wote waliokuwa humo walikuwa wanaume, na kiti cha kumkalisha hakikuwepo. Alikwenda kuchukua benchi kanisani, akawaambia kwamba benchi hilo ni la baba yake na asionekane mtu wa kulirudisha. Benchi hilo bado liko pale, na sisi wengine tumelikalia hadi limeng'aa.

Waliosoma kwake watamkumbuka kwa kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele, kwa punje za kahawa alizotafuna tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, na kwa maneno aliyoandika pembeni ya majibu yetu. Kuna padre mmoja, leo mtu mzima anayeheshimika, ambaye bado ana karatasi yenye maandishi haya: Umeandika kurasa nne, hujasema kitu. Hakuwahi kufundisha akiwa amekaa. Hakuwahi kuchelewa. Mvua ikinyesha kubwa, hakumwandika mtu utoro, maana alijua wengine walikuwa wanashuka vilima viwili na kupanda kimoja kabla ya kengele.

Hayo yote ni kweli, na ofisi ingependa niishie hapo. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilirudi mezani kwangu ikiwa imepigwa mstari kuanzia aya inayofuata hadi karibu na mwisho. Pembeni, Mwalimu Buberwa wa taaluma aliandika kwa upole kwamba ingefaa nieleze zaidi habari za kwaya na bustani. Ni kweli Mwalimu Dativa alilea kwaya. Ni kweli alipanda migomba nyuma ya bweni, na ndizi zake tumekula. Lakini mtu hafanyi kazi miaka thelathini na minne ili aagwe kwa mkungu wa ndizi. Nimezirudisha aya zote.

Habari yenyewe inaanza na kosa, na kosa lilikuwa lake. Alipofika, alikabidhiwa mafungu ya maandishi ya mwalimu aliyemtangulia, karatasi zilizokwisha kuwa za njano, na katika somo la saba kulikuwa na maelezo juu ya Maria Magdalena: alikuwa kahaba, Bwana akamhurumia, akatubu kwa machozi, naye ni mfano kwa wanawake wote walioanguka. Mwalimu Dativa aliyafundisha maelezo hayo miaka kumi na mmoja. Aliyafundisha vizuri, kama anavyofundisha kila kitu. Alikuwa na namna ya kusimulia machozi yale hadi darasa likanyamaza.

Mwaka 2001 darasani kulikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wasichana. Mmoja alitoka Kamachumu, alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina lake la ubatizo lilikuwa Magdalena. Alipewa jina hilo na bibi yake, aliyekuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wao kujua kusoma. Baada ya somo la saba, kijana mmoja alimwuliza mbele ya wenzake anatoza kiasi gani. Wakacheka. Kesho yake wakawa wanamwita kwa jina hilo kwa kulivuta, na kila mtu alijua maana ya kulivuta kule. Kwenye foleni ya uji, kwenye bomba la maji, hata kwenye njia ya kanisani. Wiki ya tatu akafunga sanduku lake, akashuka Bukoba, akapanda gari la Muleba. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba kuanzia siku hiyo anaitwa Kemilembe tu, na atakayemwita kwa lile jingine hatamwitikia.

Msichana huyo ni mimi ninayeandika. Najua mwongozo wa ofisi unasema wasifu huandikwa bila "mimi". Nitajitahidi, lakini siahidi.

Mwalimu Dativa hakujua sababu ya kuondoka kwangu. Aliandika kwenye daftari kwamba nimeacha kwa matatizo ya familia, kama inavyoandikwa kwa kila msichana anayeacha. Kilichomfumbua macho kuhusu somo la saba ni mtihani wa Novemba 2002. Kati ya maswali, aliuliza: Taja Injili, sura na mstari unaoonyesha kuwa Maria Magdalena alikuwa kahaba. Darasa zima lilijibu kwa kubahatisha, kila mmoja na mstari wake, isipokuwa Mwijage, mkulima wa kahawa aliyekuja chuoni akiwa na miaka hamsini na wajukuu wawili. Mwijage aliandika neno moja: Hakuna. Akapata sifuri.

Mwijage hakuikubali sifuri ile. Alibisha hodi kwenye chumba cha walimu, akavua kofia, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Mwalimu waitu, nimetafuta siku tatu. Nimesoma zote nne, na nyingine nimesoma mara mbili. Huo mstari nionyeshe, nami nitakaa kimya."

Mwalimu alimkaribisha kwenye benchi la baba yake ili amwonyeshe. Walikaa tangu baada ya chakula cha mchana hadi kengele ya masifu ya jioni. Walimkuta mwanamke mwenye dhambi aliyelia miguuni pa Bwana, lakini hana jina. Walimkuta Maria wa Bethania, lakini huyo ni dada yake Martha. Na Magdalena walimkuta, mara nyingi kuliko walivyotarajia: anafuatana na Bwana, anahudumu kwa mali yake, anasimama msalabani wakati wanaume wengi wamekwisha kukimbia, anafika kaburini kungali giza, na anatumwa yeye wa kwanza kwenda kuwaambia wengine kwamba Bwana yu hai. Alitolewa pepo saba, hilo limeandikwa. Ukahaba haukuandikwa popote.

Mwalimu mwingine angemwambia Mwijage kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, akamsindikiza mlangoni. Yeye alichomoa kalamu kutoka kwenye nywele, akafuta sifuri ya Mwijage na kumpa alama zote. Kisha akachukua zile karatasi za njano za somo la saba, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: Dativa Rutaihwa, 0 kati ya 20. Karatasi hiyo ameitunza hadi leo. Ataionyesha kwa yeyote atakayemwomba, na wengi atawaonyesha bila kuombwa.

Alianza kutafuta kosa lilikotoka, akalipata. Lilikuwa na baba na tarehe. Mwaka 591, Papa Gregori Mkuu alihubiri Roma, na katika mahubiri hayo akawaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja. Wakristo wa Mashariki hawakuwaunganisha hivyo. Huku kwetu, kupitia Roma, muungano huo ukapita kutoka mimbari hadi mimbari na picha hadi picha, nywele zimefunguliwa na nguo nyekundu, hadi ukafika Nyakibanga katika karatasi za njano. Mwaka 1969 Kanisa lenyewe, katika kalenda yake mpya, liliacha kusoma habari za yule mwenye dhambi siku ya sikukuu ya Magdalena. Mwalimu Dativa alikuwa na miaka minne. Masahihisho yalikuwa yamefanyika tangu akiwa mtoto, na hakuna aliyemletea taarifa. Hilo lilimkasirisha kuliko kosa lenyewe.

Alihesabu. Miaka kumi na mmoja, makatekista mia mbili themanini na sita, na kila mmoja ana kigango chake, na kila kigango kina watoto wa Komunyo ya Kwanza mwaka hadi mwaka. Akaandika barua ya ukurasa mmoja iliyoanza hivi: Mpendwa katekista, nilikufundisha uongo nikidhani ni kweli, na sasa naomba unisaidie kuufuta.

Barua ilipigwa nakala mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, kwenye duka la Bi Asha. Bi Asha ni Mwislamu wa mjini aliyekuwa akitutolea mitihani kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kinachopita kwenye mashine yake isipokuwa mitihani. Aliisoma barua, akamtazama Mwalimu juu ya miwani, akasema, "Mama wa watu mmemsingizia miaka yote hii, na huku anawaombea?" Kisha akafunga mlango wa duka, akatoa nakala zote mia mbili themanini na sita mfululizo bila kumruhusu mtu kumkatisha. Leo Bi Asha yuko hapa kati ya wageni. Amekataa kukaa meza kuu. Amesema atakaa mahali atakapoona sura za watu wakati wasifu huu unasomwa.

Majibu yalikuja ya kila aina. Wengine walishukuru. Mmoja alijibu kwamba amefundisha jambo hilo miaka minane, watu wamelipenda, na kama Mwalimu anataka libadilike aje abadilishe mwenyewe. Alikuwa katika kisiwa kimoja cha Muleba. Mwalimu Dativa, ambaye ziwa analiogopa kuliko ugonjwa, alipanda mtumbwi wa mashine, akatapika njia nzima, akafika Dominika na kusimama baada ya matangazo akiwa bado ameshika tumbo. Wanasema hakuna masahihisho yaliyosikilizwa kwa makini hivyo kisiwani kwao.

Kwangu alikuja Juni 2003, baada ya mmoja wa waliosoma nami kujibu barua ile na kumweleza kwa nini niliondoka. Alipanda gari hadi Muhutwe, kisha baiskeli ya kukodi hadi Kamachumu, na mlima ule ulimfanya ashuke na kusaidiana na mwenye baiskeli kuisukuma. Alinikuta naanika kahawa mbele ya nyumba, nikiwa na mama yangu, Ma Immakulata, na majirani watatu waliokuwa wamekuja kuazima mkeka. Mama alitaka kumwingiza ndani. Akakataa. Alisema nilitukanwa hadharani, kwa hiyo hataniomba radhi chumbani. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi la kahawa, mwalimu wa chuo mwenye miaka thelathini na minane, akaeleza kila kitu kwa sauti, tangu Mwijage hadi sifuri.

Sikumsamehe. Ni vizuri iandikwe, kwa sababu watu hupenda kufupisha. Nilimletea punje za kahawa kwenye kikombe kama anavyopewa mgeni yeyote, maana hata adui hatoki kibanjani kwetu bila kutafuna kitu. Alitafuna, akashukuru, nikaendelea kuanika. Agosti akarudi. Nikamletea kahawa tena, nikaendelea na kazi.

Mara ya tatu ilikuwa Novemba, senene walikuwa wameanguka usiku uliotangulia na kijiji kizima kilikuwa kinachambua. Mwalimu hakusema habari za msamaha. Alikaa kwenye nyasi pamoja na mama, akaanza kung'oa mbawa na miguu. Kwetu, kwa wasiojua, senene walikuwa chakula cha wanaume. Wanawake waliwakamata, wakawachambua, wakawakaanga, wakawafungasha vizuri kwa majani ya mgomba na kuwapeleka kwa waume zao, wao wenyewe wasionje. Vijana wa siku hizi wanacheka wakisikia hayo, lakini mama yangu alikuwa na miaka hamsini na sita, alikuwa amekaanga senene tangu akiwa msichana, na hakuwahi kuweka hata mmoja mdomoni.

Walipoiva, Mwalimu alichukua wachache kutoka kwenye sufuria, akaanza kula huku akimweleza mama habari za Kanisa la kwanza. Alimwambia juu ya Fibi wa Kenkrea, ambaye Paulo anamtambulisha kwa Warumi kama mhudumu wa kanisa na msaidizi wa watu wengi. Alimwambia juu ya Priscila, aliyemketisha Apolo, msemaji hodari, akamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi akiwa na mume wake. Alimwambia juu ya wanawake wawili watumwa, majina yao hayajulikani, ambao gavana mmoja wa Kirumi aliandika kwamba aliwatesa ili apate habari za Wakristo, kwa sababu Wakristo wenyewe waliwaita wahudumu. Serikali ilijua nani wa kukamata. Na juu ya Perpetua wa Karthago, katika bara hili letu, aliyeandika habari za kifungo chake kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuuawa mwaka 203, akiwa na mtoto anayenyonya.

Mama akauliza mambo hayo yalikwenda wapi. Mwalimu akamwambia kwamba watu walipokuwa wanasali majumbani, mwenye nyumba alikuwa mwanamke mara nyingi, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye Kanisa likatoka majumbani, likapata majengo makubwa na heshima ya serikali, na wanawake wakaanza kusogezwa nyuma kidogo kidogo. Katika karne ya nne, mkutano mmoja huko Laodikia ulikataza wanawake kukaribia altare. Mahali pengine, hasa Mashariki, mashemasi wanawake waliendelea kwa karne kadhaa, kwa hiyo haikuwa siku moja wala mahali pamoja. "Lakini ndiyo hivi, Ma Immakulata," akasema, akinyoosha kidole kwenye sufuria. "Waliokamata ni sisi, waliokaanga ni sisi. Tukaambiwa hatuli."

Mama yangu alichukua senene mmoja. Akamtazama. Akamweka mdomoni, akatafuna muda mrefu kuliko inavyohitajika, akatazama juu ya migomba kama anayesikiliza kitu. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Kumbe walikuwa wanatuibia." Akachukua kiganja kizima.

Siku hiyo ndipo nilipocheka, na baada ya kucheka nikalia, na baada ya kulia nikamwambia Mwalimu kwamba Januari nitarudi chuoni. Niliweka sharti moja: naitwa Kemilembe, lile jingine lisitajwe. Hakunishawishi kwa neno hata moja. Alisema sawa.

Kuanzia 2004 aliweka kipindi cha kila Jumatano, saa mbili asubuhi, darasa la pili, tukakibatiza Jumatano ya Masahihisho. Humo ndimo wanawake wa Kanisa la kwanza walipofundishwa mmoja mmoja, na namna walivyoonwa na kila kizazi: nani aliwasifu, nani aliwaogopa, nani aliwaunganisha, nani aliwasahau. Kila mwanafunzi ilibidi alete mstari au ushahidi. Na asidhani mtu kwamba alikuwa mwepesi kwa waliokuwa upande wake. Mwanafunzi mmoja, kwa bidii, aliandika kwamba Magdalena alikuwa askofu. Akapewa sifuri na maelezo kwamba hatukutoka kwenye uongo mmoja ili tuhamie kwenye mwingine. Aliheshimu alichokijua na alichokuwa hakijui, na mpaka kati ya hivyo viwili aliulinda kwa ukali.

Mwaka 2010 barua ya malalamiko ilifika chuoni ikisema kuna mwalimu anawatia wanawake kiburi. Uongozi wa wakati huo ulimwondoa darasani kwa mwaka mzima, ukampa ufunguo wa maktaba, ambayo wakati ule ilikuwa stoo yenye rafu mbili na magunia ya maharage. Hakulalamika. Alipanga vitabu, akafukuza panya, akabandika mlangoni tangazo kwamba maktaba itafunguliwa kwa wasomaji kila Jumatano saa mbili asubuhi. Wiki ya kwanza walikuja wasomaji sita. Mwezi wa tatu foleni ilifika hadi kwenye bomba la maji, na wanafunzi walikuwa wamekaa juu ya maharage. Padre Clavery alipokuja kuwa Mkuu wa Chuo mwaka uliofuata, alichungulia dirishani, akasikiliza somo lote, akamrudisha darasani, maana, alisema, maharage yatapasuka.

Mwaka 2016 Baba Mtakatifu aliipandisha kumbukumbu ya Magdalena kuwa sikukuu, sawa na zile za Mitume. Mwalimu alisoma habari hiyo kwenye simu yangu, akaniomba niisome tena kwa sauti, kisha akaniomba nimpeleke kwa Mwijage. Tulimkuta kibanjani anapogoa migomba, ameshaanza kuona kwa shida. Akasikiliza, akasema yeye alikwisha kusema hivyo tangu 2002. Alifariki mwaka juzi. Kama angekuwepo leo angekaa mstari wa mbele na kofia yake magotini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja. Mwezi Mei, Bodi ya Chuo ilipitisha ratiba mpya. Katika ratiba hiyo Jumatano ya Masahihisho haipo. Yaliyokuwa yakifundishwa mwaka mzima yamewekwa ndani ya Historia ya Kanisa kwa Ujumla, saa moja kwa muhula. Mwalimu Buberwa alinieleza sababu, na kwa kuwa ni mtu muungwana nitazieleza kama alivyozieleza yeye. Alisema muda hautoshi. Alisema mwalimu mwenyewe anaondoka. Na alisema watu wa vigangoni wamezoea simulizi ya zamani, hawajauliza, kwa nini tuwasumbue.

Ninamjibu hapa, kwa maandishi, mbele ya wageni. Muda ulitosha ndani ya stoo. Na watu wa vigangoni ni mimi. Mimi ni mtu ambaye hakuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilidhani kilichoandikwa kwenye karatasi za mwalimu ni kweli, na kwa hiyo nilidhani bibi yangu alinipa jina la aibu. Nilimchukia bibi yangu, marehemu, kwa sababu ya mahubiri ya mwaka 591. Mkisema watu hawajauliza, mjue kwamba wengine hawaulizi kwa sababu wameshafunga masanduku na kuondoka. Mwaka huu tuna wasichana kumi na wanne. Mmoja anaitwa Magdalena, na yuko jikoni anasaidia kupakua chakula mtakachokula baada ya hotuba hizi. Sitaki nije nipande baiskeli kwenda kwao.

Mwalimu Dativa hakunituma kuyasema haya. Nilipomsomea rasimu, alisahihisha tarehe mbili, akaniambia hotuba ni ndefu, akaomba niondoe sifa. Nimeondoa chache.

Kuna jambo dogo la mwisho. Nimefanya kazi na Mwalimu tangu mwaka 2008. Kwa miaka kumi na saba yeye ndiye aliyeandika kwa mkono orodha ya zamu inayobandikwa kwenye chumba cha walimu. Majina ya wengine ameyaandika yote mawili. Langu alianza kuliandika mbali na ukingo wa karatasi, akiacha nafasi, kisha Kemilembe. Wageni wa ofisi walidhani ni uzembe. Nafasi hiyo ilikuwa na upana uleule kila wiki, na hakuwahi kuniuliza nitaijaza lini.

Mwalimu, mikono yako ilishika chaki, kalamu nyekundu, mbawa za senene na ukingo wa mtumbwi uliokuwa ukiuogopa. Sisi walimu wenzako, pamoja na makatekista uliowafundisha mara mbili, mara ya pili kwa usahihi, tunakushukuru. Nenda Kashozi ukapumzike, lala hadi jua lipande, tafuna kahawa yako ukiwa umekaa kwa mara ya kwanza. Benchi la baba yako libaki hapa, tutalihitaji. Tunakuombea siku nyingi na njema.

Kipindi cha Masahihisho kitaendelea Jumatano, tarehe 6 Agosti, saa mbili asubuhi, darasa la pili. Darasa likiwa limefungwa, kitakuwa stoo. Stoo ikiwa imefungwa, kitakuwa jikoni, mahali Mwalimu Dativa alipopelekwa siku ya kwanza. Somo litakuwa la saba. Mwalimu wa kipindi ameweka jina lake hapa chini, kwa mkono wake mwenyewe, na amelijaza lote.

Magdalena Kemilembe
Mwalimu, Chuo cha Makatekista Nyakibanga